Nani Aliyeifunga Njia? Tuliyoyaona kwa Miguu Siku ya Jumamosi

(Maneno haya yalisomwa na wajumbe wa kamati ya maendeleo ya parokia moja ya Tanga mjini, katika semina ya kamati za parokia iliyohudhuriwa pia na wageni wafadhili. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosomwa, ili na wale ambao hawakuwepo wapate faida.)



Tumeombwa tutoe mada juu ya namna ya kuwashirikisha wananchi katika kutambua matatizo yao. Mada hiyo mmeisikia mara nyingi, na sisi pia tumeisikia mara nyingi. Hivyo tumeona ni afadhali tuwasimulie jambo moja tu tulilolifanya wenyewe, jambo lililotugharimu nusu siku, daftari moja na soli za viatu. Tulitembea mtaani kwetu kwa miguu. Tulichokiona kilitufurahisha kidogo na kilitutia aibu sana. Aibu hiyo ndiyo iliyotuleta mbele yenu.

Jina la mtaa hatutalitaja, kwa sababu shauri moja kati ya haya bado liko mezani, na kwa sababu wahusika ni majirani tunaosalimiana nao kila siku. Itoshe kusema ni mtaa ulio ukingoni mwa jiji, upande wa bahari.

JINSI JAMBO LILIVYOANZA

Lilianza katika kikao cha kamati. Mama mmoja, mjumbe wetu, alichelewa, akaingia miguu imejaa tope mpaka kwenye vifundo. Mwenyekiti akamtania kwamba siku hizi akina mama wanalima mpunga. Yeye akajibu, "Baba, nimezunguka. Njia imefungwa."

Tukamuuliza njia ipi. Akaitaja. Hapo ndipo tulipogundua kwamba wajumbe wanne kati yetu hatukuijua njia hiyo, na sababu ilikuwa rahisi: sisi wanne huja kikaoni kwa pikipiki au kwa baiskeli kubwa za barabarani. Tulikuwa tunapanga maendeleo ya mtaa tusioujua kwa nyayo zetu.

Kijana wetu mmoja akasema kwamba huko Toronto, nchini Kanada, mwaka 2007, watu walianza desturi ya kutembea mitaani kwao mwishoni mwa juma, wakiongozwa na wakazi wenyewe. Walifanya hivyo kumkumbuka Jane Jacobs, mama aliyefariki mwaka 2006, ambaye kwa maisha yake yote alisisitiza kwamba mji hauwezi kueleweka kwa ramani ya ofisini peke yake. Desturi hiyo imeenea katika miji mingi duniani, na hufanyika mwanzoni mwa mwezi wa Mei. Hakuna kiingilio na hakuna mtaalamu. Anayeishi pale ndiye anayeeleza.

Tukaona hilo halihitaji andiko la mradi. Tukakubaliana kutembea Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi.

MJI WETU NA NJIA ZAKE

Kabla ya kuwaeleza tuliyoyaona, ni vizuri tukumbushane mji wetu ulivyo. Wageni wanaofika Tanga husifu barabara zilizonyooka. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto mdogo anaweza kukuelekeza bila kukosea. Hii ni kwa sababu sehemu ile ilipimwa kwanza, watu wakajenga baadaye. Reli nayo ilianza kujengwa kutoka hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911, na mji ukapangwa kufuata bandari na reli.

Lakini sehemu kubwa ya Tanga ya leo haikuzaliwa hivyo. Kandokando ya jiji kulikuwa na vijiji vya wavuvi, mashamba ya minazi na mashamba ya mkonge. Kila kijiji kilikuwa na vijia vyake: cha kwenda pwani, cha kisimani, cha msikitini, cha makaburini, cha shambani. Vijia hivyo havikuchorwa na mtu. Vilichorwa na miguu, na kila mtu alijua kwamba huwezi kujenga juu yake, kama vile unavyojua huwezi kujenga juu ya kaburi.

Kisha mji ukawafikia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya mwaka 2022 ilikuta tunakaribia laki nne. Watu hawa wote wanahitaji mahali pa kulala. Shamba la minazi hukatwa viwanja, kiwanja huuzwa na kuuzwa tena, na kila mauzo yanapofanyika, kijia kinapungua upana. Wa kwanza aliyeuza alimwambia mnunuzi, "Hapa watu wanapita." Wa pili hakukumbuka kusema. Wa tatu alinunua kutoka kwa dalali, na dalali hajawahi kupita pale kwa miguu.

TULIVYOTEMBEA

Tulikuwa watu kumi na tisa. Tuliweka kanuni tatu. Kwanza, hakuna chombo cha moto wala baiskeli. Pili, watangulie wazee na watoto, viongozi wafuate nyuma. Tatu, tusifuate barabara, tufuate safari za kila siku za watu: safari ya shule, ya zahanati, ya diko la samaki na ya makaburini. Kila tuliposimamishwa na ukuta, seng'enge au ua wa minyaa, tuliandika mambo manne: palikuwa na nini zamani, pamefungwa tangu lini, nani walikuwa wakipita, na sasa wanapita wapi. Fundi mwashi mmoja alituazima futi yake ya kamba ya mita 50.

Tulitarajia kukuta kizuizi kimoja, kile alichokitaja mama yetu. Tulikuta vinne.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kati ya nyumba mbili, katika njia ya watoto wa shule. Hapa hapakuwa na mtu mbaya. Jirani wa kushoto alijenga ukuta akaingia nusu ya njia, akiamini wa kulia ataacha nusu iliyobaki. Wa kulia naye akafanya vilevile kwa imani hiyohiyo. Ikabaki nafasi ya bega moja, ikawa mahali pa kutupa taka na pa kujificha vibaka, na mwishowe wote wawili wakakubaliana kuiziba kwa bati. Watoto sasa hutoka hadi barabara kuu na kutembea ukingoni mwa lami pamoja na malori na bodaboda.

Bibi mmoja alitoka ndani akatusalimia, nasi tukampa shikamoo zake. Akatueleza kwamba mwaka uliopita, wakati wa masika, mkwewe alishikwa na uchungu usiku. Bajaji ilisimama upande wa pili wa bati, hatua thelathini tu kutoka mlangoni. Wakamweka mama yule kwenye kiti cha plastiki, wakambeba na kuzunguka naye mtaa mzima kwenye tope. Mtoto alizaliwa njiani, mbele ya duka lililofungwa, akiangaziwa na tochi ya simu. Mama na mtoto wote ni wazima, Mungu ashukuriwe. Bibi alimwita mjukuu wake aje tumwone. Kisha akasema, "Wanangu, huyu amezaliwa barabarani kwa sababu ya bati la elfu kadhaa."

Kizuizi cha pili kilikuwa ukuta wa mtu mmoja aliyehamia karibuni. Alitupokea vizuri, akatoa viti. Alituonesha karatasi zake, na kweli katika ramani ya kiwanja chake hakuna njia yoyote. Akasema, "Ndugu zangu, mimi nilinunua kiwanja, sikununua njia. Na nilipokuwa sijajenga ukuta niliibiwa mara mbili." Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini njia ile ilikuwa pia mkondo wa maji ya mvua, na tulipozunguka nyuma tuliona maji yamechimba msingi wa nyumba ya jirani, na upande mmoja wa ukuta wake mwenyewe umeanza kuinama. Maji hayasomi hati.

Kizuizi cha tatu kilikuwa pwani. Zamani palikuwa na kijia cha kushuka dikoni, kinapita kati ya minazi na mikoko. Sasa pana seng'enge, geti la chuma, na mlinzi. Mwenye mali haishi hapa, na mlinzi alisema yeye ni mtu wa kutumwa tu, jambo ambalo tulilielewa.

Hapo walisimama akina mama watatu wenye ndoo, wakisubiri wenzao. Ilikuwa siku za bamvua. Kwa wageni wetu tueleze kidogo: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana, na miamba huwa wazi kwa saa chache. Ndizo saa za mama kwenda kutafuta pweza na chaza. Bahari haimsubiri mtu. Zamani walishuka kwa mwendo wa dakika chache. Sasa wanazunguka hadi diko la mtaa wa pili, na wakifika, muda mwingi umekwisha. Anayenunua samaki dikoni ili akaange na kuuza naye hufika wakati wachuuzi wenye pikipiki wameshachagua wazuri. Mmoja wao alitwambia, "Hatukukatazwa kuvua. Tumekatazwa kufika."

KIZUIZI CHA NNE

Tulikuwa tumechoka, tunarudi. Mzee mmoja, Mwislamu, ambaye tulimwomba atuongoze kwa sababu amezaliwa pale, alitembea mbele bila kusema neno. Alitupeleka hadi kwenye ukuta mrefu uliopakwa rangi nyeupe, akasimama. Akasema, "Na hapa ndipo tulipokuwa tukipita na jeneza kwenda makaburini."

Ukuta ule ni wa kigango chetu.

Tuliujenga wenyewe, miaka kadhaa iliyopita, kwa msaada wa wafadhili, baada ya viti na kinanda kuibiwa. Tulifanya ibada ya shukrani siku ya kuuzindua. Katika andiko letu la mradi tuliandika kwamba eneo lile ni wazi na halitumiki. Tuliandika hivyo kwa sababu tulipokwenda kulipima, mchana wa siku ya kazi, hapakuwa na mtu anayepita. Hatukuuliza. Wenzetu Waislamu waliona ukuta unapanda na hawakusema, kwa kuwa waliona ni jambo la kanisa na hawakutaka ugomvi wa dini. Tangu hapo wanabeba maiti zao kwa kuzunguka nyuma ya soko.

Tulimuuliza mzee kwa nini hakutwambia siku zote hizo. Akajibu kwa upole, "Mngeniuliza, ningesema."

Ndugu zangu, tulikaa kimya. Biblia inakataza kusogeza mpaka wa jirani, nasi tumelihubiri jambo hilo mara nyingi tukiwafikiria matajiri. Na majirani zetu wanafundishwa katika dini yao kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani. Pande zote mbili tulikuwa na mafundisho ya kutosha. Kilichokosekana ni kutembea.

SHERIA INASEMAJE

Baada ya hapo tulitafuta ushauri ili tusipayuke. Tunawapa kwa ufupi yale tuliyoyaelewa, na kila kamati iyapeleke kwa mwanasheria kabla ya kuyatumia.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, na inatambua pia haki ya njia ya umma. Maana yake ni kwamba mtu kuwa na hati hakufuti moja kwa moja haki za wengine. Lakini haki hiyo inahitaji kuombwa, kukubaliwa na kuandikwa. Njia ambayo haikuandikwa popote inategemea kumbukumbu za wazee, na wazee wanakufa.

Kwa ninyi mlio vijijini, Muheza, Pangani na Mkinga, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Vijia vya pwani, visimani na makaburini viingizwe humo mapema, kabla ya dalali wa kwanza kufika. Kwa mjini, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaipa halmashauri jukumu la kuandaa mipango, na anayetaka kujenga anatakiwa kupata kibali.

Kuhusu bahari, wengi tumesikia habari za mita 60. Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini hapa tulikuwa tumejidanganya. Sheria hiyo inalinda ule ukanda wa ufukweni wenyewe. Haikupi njia ya kuufikia. Ufukwe unaweza kuwa wa wote na bado asiwepo wa kuufikia, kama nyuma yake kuna seng'enge kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenzetu wa pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Malindi, wamelalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Sisi bado tuna nafasi ya kuliwahi.

Na kama kuna mgogoro, Sheria Na. 2 ya mwaka 2002 iliunda mabaraza ya ardhi. Angalieni mabadiliko ya mwaka 2021: Baraza la Kata sasa linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wageni wetu wa Ulaya wasidhani kwamba haya ni ya Afrika peke yake. Uingereza, mwezi Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa wenye mali, na watano kati yao walifungwa jela. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyozitaka halmashauri za nchi ile kuchora ramani za njia zote za miguu za umma. Tunachojifunza ni kimoja: iliyochorwa huishi, isiyochorwa hufa.

TULICHOKIFANYA

Tulianza na ukuta wetu. Tusingeweza kugonga mlango wa mtu yeyote kabla ya hapo.

Halikuwa jambo rahisi. Baadhi ya waumini walisema wezi watarudi. Wengine walisema wafadhili watatuona hatuna shukrani, tunabomoa walichotujengea. Kwanza tukafanya kama wengi wafanyavyo: tukaamua kuweka mlango mdogo, wenye ufunguo, utakaofunguliwa na mlinzi panapokuwa na msiba. Tukampelekea mzee wetu habari hizo tukiwa na furaha. Bibi yake aliyekuwa akichambua mchele barazani ndiye aliyetujibu, "Wanangu, asanteni. Lakini mlango wenye ufunguo ni wa mwenye ufunguo."

Tulirudi tukafikiri tena. Tukawaandikia wafadhili tukawaeleza ukweli wote, pamoja na yale tuliyoandika vibaya katika andiko la mwanzo. Jibu lao lilikuwa la kiungwana: ukuta ni wenu, fanyeni lililo haki. Kisha tukasogeza upande mmoja wa ukuta kuingia ndani mita mbili na nusu, upana wa watu wanaobeba jeneza na wengine wanaopishana nao. Matofali yaleyale yalitumika tena. Vijana wa kigango na vijana wa msikitini walifanya kazi kwa Jumamosi tatu, fundi akalipwa. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko chakula tulichokula siku ya kuuzindua ukuta ule. Wezi hawajarudi. Njia ikipitwa na watu muda wote, mwizi hukosa mahali pa kujificha.

Habari hiyo ilienea mtaani haraka kuliko tangazo lolote. Majirani wawili wa kizuizi cha kwanza waliliondoa bati wenyewe. Mmoja ameshabomoa nusu ya ukuta wake. Wa pili anasubiri mavuno ya korosho ili apate fedha, nasi tunamwamini. Taa moja imewekwa pale, na watoto wanapita.

Yule wa kizuizi cha pili tulikwenda naye kwa fundi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikubali kuacha mfereji upite ukutani, kwa sababu alijionea unavyoinama. Njia ya watu bado hajaikubali. Anasema apewe ulinzi kwanza. Hatumlaumu, na hatujaacha kumtembelea.

Kizuizi cha pwani bado. Tulimwandikia mwenye mali barua ya adabu, haikujibiwa. Serikali ya mtaa imeandika kwa halmashauri, ikiambatanisha majina ya wanaoitumia njia na mchoro tuliopima siku ile. Akina mama wenyewe ndio waliochagua wasemaji wao. Tumewaahidi kwamba hatutawasemea; tutawasindikiza. Shauri linakwenda polepole, na kila bamvua inayopita ni hasara kwao. Hatuna habari njema ya kuwapa juu ya hilo leo, na tusingependa muondoke hapa mkidhani kila kitu kimekwisha vizuri.

TUNACHOWAOMBA

Kwa kamati za parokia, tunawaomba jambo moja la Jumamosi moja. Tembeeni. Msiende peke yenu: mwombeni mwenyekiti wa mtaa, shehe au imamu, mwalimu, mama muuza samaki, na mtu mwenye ulemavu ambaye magongo yake yatawaonesha msichokiona. Anzeni na kuta zenu wenyewe: za kanisa, za shule, za zahanati. Andikeni njia kwa majina yake, kwa maana nyingi zina majina. Mchoro mpeleke nakala kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala ibaki parokiani. Na mtakapomwendea mwenye ukuta, nendeni wawili au watatu, jioni, bila kamera, na msikilizeni kwanza. Wengi wana sababu.

Tahadhari moja: msiende kubomoa. Kule ambako watu wamebomoa kwa hasira, aliyekuwa na haki amegeuka mshitakiwa, na njia imebaki imefungwa.

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunawashukuru kwa kuta, kwa visima, kwa madarasa. Ombi letu ni dogo. Katika fomu zenu mnatuuliza ni watu wangapi watanufaika, nasi tunajibu kwa idadi nzuri. Ongezeni swali moja chini yake: ni nani anayepita hapa sasa? Swali hilo lingekuwepo siku ile, tungelazimika kwenda kuuliza, na mzee wetu angesema. Aidha, msione vibaya mradi usio na jengo. Njia iliyofunguliwa haina mahali pa kubandika kibao cha jina. Hata hivyo ina watu asubuhi na jioni.

Waliotutangulia walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikwisha kujenga ukuta, ikabidi turudi kuutafutia ufa.

Wiki mbili baada ya kusogeza ukuta, alifariki jirani yetu mmoja. Jeneza lilipita pale saa kumi jioni. Tulisimama pembeni tuliokuwepo, tukavua kofia, na mzee wetu alipotufikia alitupa mkono, kila mmoja, kisha akaendelea na safari yake ya makaburini.